Kosa la Adeer Idris

Wiki iliyopita niliingia duka la dawa karibu na stendi kumnunulia mama dawa ya kuchua mgongo. Mwuzaji alifungua kifuniko ninuse kama ndiyo ile mama aliyoizoea, na kabla sijamjibu nilikuwa nimesharudi uani kwa Ayeyo, bibi yangu, mtaani Bulla Pesa, nina umri wa miaka minane, nimeshika kikombe cha chai ya maziwa nikijitahidi nisiimwage. Harufu ile huingia puani kwa ukali wa pilipili, halafu inageuka baridi kooni. Kwa miezi saba ilikuwa harufu ya chumba cha mwisho upande wa kushoto, chumba alichokaa adeer yangu Idris.

Adeer ndivyo tunavyomwita ndugu ya baba, na yeye naye humwita mtoto wa ndugu yake vivyo hivyo. Basi tuliitana jina moja, mimi na mtu ambaye kwa muda fulani nchi nzima ilimjua.

Kabla hajarudi, kwangu alikuwa picha na sauti za watu wazima. Picha ilikuwa ukutani kwa Ayeyo, mama yake baba, imewekwa fremu ya rangi ya dhahabu: kijana mwembamba amevaa jezi ya taifa, mkono kifuani, macho yanatazama mbali. Habari zake nilizipata kidogo kidogo. Alizaliwa mwaka wa ukame, wa mwisho kati ya watoto sita. Alikuwa wa mkono wa kushoto, na Ayeyo, ambaye hakukubali mtu ale kwa mkono huo katika nyumba yake, alimchapa mpaka akaacha. "Nilimkataza mkononi," alipenda kusema, "ikashuka mguuni." Hivyo ndivyo alivyoueleza mguu wa kushoto ambao magazeti yaliuandika sana. Hakuna mwandishi aliyewahi kuja kumwuliza, nami nadhani alikuwa na jibu zuri kuliko yao.

Alianza kucheza kwenye uwanja wa vumbi nyuma ya shule ya msingi, amevaa akala za tairi. Mwalimu mmoja wa sekondari akamchukua timu ya shule, timu ya shule ikamfikisha Nairobi, na huko klabu moja ikamsajili kabla hajamaliza mtihani. Akiwa na miaka kumi na tisa alikuwa timu ya taifa. Kisha akaenda nchi jirani, halafu nchi ya baridi huko Ulaya ambayo Ayeyo hakuweza kulitamka jina lake na hakujaribu. Tulimwona kwenye televisheni mara chache. Moshi ulikuwa unamtoka mdomoni, nami nikadhani kuna kitu kinaungua ndani yake na hakuna anayejali. Ayeyo alipouona uwanja wenyewe aliuliza majani yote yale yanaliwa na nani.

Jambo la kwanza nililolielewa vibaya lilihusu kuuzwa. Nilikuwa na miaka kama sita. Baba alikuwa uani na dereva wake wakibadilisha tairi la lori, lile lililopeleka unga na sukari Garbatulla na Biliqo na kurudi na mbuzi. Simu ikaita, baba akasikiliza, akacheka, akamwambia dereva, "Idris ameuzwa tena." Nilienda jikoni kumwuliza mama kama ni kweli adeer ameuzwa. Mama, akikuna nazi, akasema ni kweli, na kwa bei nzuri.

Mnada wa mifugo niliujua. Baba alinipeleka mara nyingi. Nilijua jinsi mnunuzi anavyofungua mdomo wa ngamia kutazama meno, anavyomkamata mbuzi kiunoni kupima mafuta, na jinsi mnyama aliyenunuliwa anavyopigwa alama ya rangi ubavuni asipotee kati ya wengine. Nilijua pia kuwa mifugo wakubwa wana chapa ya moto, na kila ukoo una yake. Nikamfikiria adeer amesimama kwenye mstari, mtu anamtazama meno. Sikuhuzunika sana. Watoto wanaokulia karibu na mnada hawauonei huruma mnada. Nilijiuliza tu kama alikubali au alivutwa kwa kamba.

Jambo la pili lilianza siku ya mechi. Timu ya taifa ilikuwa inacheza Nairobi, na ikishinda tungeenda kwenye mashindano ya Afrika. Baba aliazima televisheni kubwa, akaiweka nyuma ya lori, akafungua geti. Alasiri ile mtaa mzima uliingia uani kwetu. Wanaume walikaa kwenye viti vya plastiki na magaloni ya maji, wanawake kwenye mikeka upande wa jikoni. Baba Kinoti, Mmeru aliyeuza miraa kwenye kona ya barabara yetu, na ambaye mwanawe alikuwa darasani kwangu, alifunga kibanda chake na kuja na vifurushi kadhaa katika majani ya ndizi, akavigawa bure. Nasikia hilo halikuwahi kutokea kabla wala baadaye.

Mimi sikuona mchezo. Niliona migongo. Kitu ninachokumbuka ni kelele iliyopanda watu wote wakisimama, kisha ukimya, sauti ya mtangazaji peke yake, kisha ukimya mwingine ambao haukufanana na ule wa kwanza. Kiti kimoja kilianguka. Mtu fulani akasema kwa sauti ya chini, "Amekosa."

Nilipenya mpaka kwa mama. Nikamwuliza amekosa nini.

"Amekosa tu," mama akasema. "Nenda ukacheze."

Watu walitoka kama wanavyotoka kwenye matanga, bila kuaga vizuri. Baba alizima televisheni na kukaa mbele yake vile vile. Kuanzia siku ile, neno hilo likashikamana na jina lake. Dukani, msikitini, kwenye foleni ya maji, mtu akitaka kueleza sisi ni akina nani alisema ni nyumba ya Idris, na mwingine akamalizia: yule aliyekosa. Baba aliwakataza madereva kuzungumza habari za mpira uani. Ile picha ya fremu ya dhahabu haikutolewa ukutani, lakini Ayeyo aliisogeza mahali ambapo mlango ukifunguliwa unaifunika.

Katika Kiswahili cha vitabu, kukosa na kukosea ni njia mbili tofauti. Kwetu Bulla Pesa, ambako kila mtu alikuja na lugha yake ya nyumbani na Kiswahili kilikuwa cha kuokota njiani, zilikuwa njia moja. Mtoto aliyekosa aliadhibiwa. Mtu aliyekosa alitafutwa na polisi. Hakuna aliyenieleza zaidi ya hapo, na mimi sikuhitaji maelezo. Nilijua adeer ametenda kosa, mbele ya watu wote, na ni kubwa kiasi kwamba watu wazima hawawezi kulitaja mbele ya mtoto.

Alirudi mwaka uliofuata. Tulikuwa tumesikia ameumia goti, amepasuliwa, na kwamba klabu imemwacha. Baba alimfuata Nairobi na kurudi naye mchana, jua likiwa kali, na hapakuwa na mtu barabarani, jambo ambalo sasa naamini lilipangwa. Alishuka akitanguliza mguu mmoja. Alikuwa na begi moja kubwa na mfuko wa viatu. Alimkumbatia Ayeyo kwa muda mrefu, akanishika kichwa, akasema, "Adeer, umekuwa mkubwa," akaingia chumbani.

Siku ya pili nilimpelekea chai. Alikuwa ameketi kitandani, kikoi kimekunjwa juu ya goti la kulia, anajichua kwa dawa ile. Hapo ndipo nilipoliona kovu. Lilikuwa refu kama kiganja changu, limenyooka, na kila upande lina alama ndogo ndogo zinazolingana. Nilisimama na kikombe mkononi. Hiyo ilikuwa chapa. Mtu aliyemnunua mara ya mwisho alikuwa amempiga chapa gotini, pahali ambapo suruali inaficha.

"Iliuma?" nikamwuliza.

"Nililazwa usingizi," akasema. "Iliuma baadaye."

Nikaona wanunuzi wake walikuwa na huruma zaidi kidogo kuliko wetu.

Kwa miezi saba hakutoka getini. Hilo nalisema kama lilivyokuwa. Aliswali chumbani. Wageni wakija, mlango wake ulifungwa taratibu, bila kishindo. Asubuhi alikaa kwenye kivuli cha lori akifanya mazoezi aliyoandikiwa na daktari, kuunyoosha mguu na kuukunja, kuunyoosha na kuukunja, akihesabu kwa lugha ya ile nchi ya baridi. Nilipotoka shule alinisaidia hesabu. Alikuwa mvumilivu kuliko mwalimu yeyote niliyepata kuwa naye. Nilipokosea hakusema nimekosea, aliniambia nirudie. Hakupandisha sauti hata mara moja. Na hili ndilo lililonisumbua, kwa sababu sikuweza kuunganisha mtu huyu na kosa lake. Kwanza nilidhani aliiba. Nilipomwona anavyomkatia Ayeyo nyama vipande vidogo kwa sababu ya meno yake, nikaondoa wizi. Kilichobaki kilikuwa kuua, na hapo kwa wiki nzima chai niliiacha mlangoni.

Shuleni hali ilikuwa mbaya zaidi. Kinoti hakuwa mtoto mkorofi, lakini aliyabeba maneno ya kibanda cha baba yake kama yalivyo. Siku moja tukigombania kifutio aliniambia, "Baba yangu amesema adeer yako amekosa Kenya yote." Nikamwachia kifutio.

Jumamosi hiyo, madrasa, maalim alitufundisha kuwa makosa ni ya aina mbili. Lile lililo kati yako na Mungu, unatubu kwa Mungu naye ni mwingi wa kusamehe. Lakini lile lililo kati yako na binadamu mwenzako, Mungu halisamehe mpaka umwendee mwenyewe umwombe. Niliinua mkono nikauliza: na kama uliowakosea ni wengi sana? Maalim akasema unaanza na wa karibu. Na kama mwenye kosa hawezi kutembea? Akanitazama, akasema jamaa yake anaweza kwenda kwa niaba yake, in shaa Allah.

Wa karibu alikuwa Baba Kinoti.

Kibanda chake kilikuwa cha mbao, kina benchi mbele, na saa hiyo, mzigo wa miraa kutoka Maua ukiwa ndio umefika, wanaume walikuwa wamejaa. Majani ya ndizi yaliyolowa yalikuwa yametupwa chini na mbuzi wawili wanayatafuna. Nilikuwa na mtandio wa madrasa na mfuko wa juzuu begani. Nilisimama mbele ya meza, nikasema salaam aleikum. Wawili watatu wakaitikia. Baba Kinoti akauliza nimetumwa nini.

"Sijatumwa," nikasema. "Nimekuja kuomba msamaha. Adeer Idris amekukosea wewe na Kenya yote, na hawezi kutembea vizuri, kwa hivyo nimekuja mimi."

Najua sasa kwamba pangeweza kutokea kicheko, na kama kingetokea, huenda nisingekuwa naandika haya. Hakuna aliyecheka. Baba Kinoti alikuwa anafunga kifurushi. Akaendelea kukifunga mpaka kamba ikaisha. Kisha akavua aproni, akamwambia mtu mmoja amwangalilie meza, akanishika mkono. Tulitembea mpaka kwetu. Mkono wake ulikuwa na ubaridi wa majani.

Hakuwa ameingia getini kwetu tangu siku ya mechi. Alibisha hodi, akamkuta baba na Ayeyo wamekaa nje. Alisalimu, akakataa kiti. Baba aliponiona nimeshikwa mkono alidhani nimevunja kitu.

"Huyu mtoto amekuja kwa kibanda kuniomba msamaha kwa sababu ya Idris," Baba Kinoti akasema. "Mbele ya watu. Sikujua nimwambie nini, nikaona nimlete."

Uso wa baba ulibadilika. Alikuwa anataka kusema jambo, lakini mlango wa chumba cha mwisho ukafunguka. Adeer akatoka, ameshikilia fremu ya mlango. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza mtu wa nje kumwona tangu arudi. Yeye na Baba Kinoti walitazamana kwa umbali wa lori.

"Mimi nimesema maneno mengi pale kwa kibanda," Baba Kinoti akasema. "Sikujua yanafika huku."

"Yamefika," adeer akajibu.

Baba Kinoti akatikisa kichwa mara kadhaa, polepole. Akasema basi, ameelewa, akaniachia mkono, akaaga, akarudi kazini kwake. Sikumbuki kama alimwomba adeer radhi kwa maneno. Nadhani hakuomba. Lakini kuanzia siku ile Kinoti hakuleta tena shuleni habari za nyumbani kwetu.

Baba alitaka kunichapa. Adeer akasema niachiwe yeye. Akaniita nyuma ya lori, akaokota gunia tupu, akalisokota na kulifunga kwa kamba mpaka likawa mviringo, akaliweka chini. Akahesabu hatua kumi na moja fupi kutoka kwenye matairi ya nyuma. Kisha akanieleza, kwa utaratibu ule ule wa hesabu, penalti ni nini. Matairi haya mawili ni goli. Hapa kati anasimama kipa. Huu ni mpira. Zimebaki dakika tatu, hatujafungana, na sisi lazima tushinde. Unapiga mara moja.

"Mimi nilipiga, ukaenda pale," akasema, akaonyesha juu ya turubai la lori, mbali kuelekea tangi la maji la jirani. "Hiyo ndiyo kukosa. Nilikosa goli. Sikuiba, sikupiga mtu. Umeelewa?"

Nilielewa, na nilichosikia mwilini kilikuwa wepesi mkubwa, halafu hasira. Nilikuwa nimemwogopa mwaka mzima kwa sababu ya mpira uliopita juu ya lori.

"Kwa hivyo hukumkosea mtu," nikasema.

Akalisukuma lile gunia kwa kidole cha mguu.

"Basi mbona unajificha?"

Alikaa kwenye tairi la akiba. Akanyoosha mguu wake mbaya, akautazama. Nilizoea kumngoja aniambie nirudie, lakini safari hii yeye ndiye aliyekuwa anatafuta jibu. Ndani Ayeyo alikuwa anakemea paka.

"Kuna mmoja," akasema hatimaye.

Akaniambia habari ambayo, nilikuja kujua baadaye, hakuwa amemwambia baba wala daktari. Goti lilikuwa limeshaharibika wiki mbili kabla ya mechi. Alilificha, kwa sababu alijua akilitaja hatacheza, na kulikuwa na klabu nyingine kubwa iliyotuma watu kuja kumtazama. Na penalti haikuwa yake. Kocha alikuwa amempa kijana mmoja, Barasa, wa miaka ishirini na mmoja, ambaye mazoezini hakukosa hata moja. Filimbi ilipolia Barasa aliuchukua mpira. Adeer akamwendea, akamwambia ampe. Barasa akasema kocha amesema ni yeye. Adeer akaunyakua mikononi mwake, mbele ya uwanja mzima, akamwambia, "Wewe bado mtoto."

"Mguu wa kushoto ndio unapiga," akasema, "lakini wa kulia ndio unasimama. Ule wa kusimama haukuwepo. Nilijua hata kabla sijaugusa mpira."

Nilikuwa na miaka minane na nilikuwa nimetoka madrasa saa hiyo hiyo. Nikamwambia alichosema maalim. Sikumwonea huruma, nilimpa tu taarifa, kwamba kosa la aina hiyo Mungu halisamehe mpaka umwendee mwenyewe uliyemkosea. Adeer akanitazama kama ninavyodhani alivyowatazama makipa. Kisha akasema nikafanye kazi ya shule.

Ilipita siku moja, ikapita ya pili. Siku ya tatu, baada ya chakula cha mchana, aliniita chumbani. Alikuwa anajichua, mikono yote imejaa dawa, na simu imelala kitandani inaita, imewekwa sauti ya nje. Aliniashiria niishike. Nadhani alikuwa ameibonyeza kwa kidole cha mwisho na alikuwa amejipaka dawa makusudi, ili asiweze kuikata.

Mtu akaitika. Adeer akasema jina lake. Upande wa pili zikasikika honi za magari.

"Barasa, ndugu yangu," adeer akasema, "nimekupigia kwa sababu ya ile penalti. Ilikuwa yako. Nilikunyang'anya, na nilikuvunjia heshima mbele ya watu. Goti langu lilikuwa limekufa na nilijua. Nilikukosea. Naomba unisamehe."

Niliishika simu kwa mikono miwili. Nikaitazama kuona kama imekatika.

"Kaka Idris," sauti ikasema. Ilikuwa sauti ya kijana. "Mimi nilishukuru ulipouchukua."

Adeer aliacha kujichua.

"Miguu yangu ilikuwa inatetemeka," Barasa akaendelea. "Nilikuwa nimeshika mpira naomba mtu aje aniondolee. Nikakataa kidogo, ili watu waone nimekataa. Ulipokosa, kitu cha kwanza nilichofikiria ni, asante Mungu si mimi. Nimeishi na hiyo. Watu wanakutukana, wanasema Barasa angefunga, na mimi nanyamaza, wananinunulia soda. Nimetaka kukupigia mara ngapi. Nimeona haya."

Sikuelewa yote. Nilielewa kwamba watu wawili walikuwa wamejificha, kila mmoja nyumbani kwake, kwa sababu ya mpira mmoja, na kila mmoja alidhani ndiye mwenye deni. Adeer aliinamisha kichwa. Mabega yakaanza kumtikisika, nami nikaogopa kuwa analia, kumbe anacheka, au alikuwa anafanya yote mawili. Barasa naye akaanza. Waliongea kwa muda mrefu sana baada ya hapo, habari za makocha na watu nisiowajua, mpaka mikono yangu ikachoka nikaiegemeza simu kwenye mto.

Yaliyofuata yanaelezeka haraka. Hakurudi kucheza, goti halikumruhusu. Watu walimtaka awe kocha wa vijana, akakataa, akasema hana moyo wa kuamua nani apige. Alijiunga na baba kwenye lori, akawa anaendesha mwenyewe mpaka Garbatulla na mbele zaidi, kwenye barabara zile ambazo huvunja springi, na nasikia alikuwa dereva mwangalifu sana. Alioa. Barasa alicheza miaka mingine mingi, akakosa penalti mbili na kufunga kadhaa, na alikuja kwetu kila alipopata nafasi. Ayeyo alimpenda, ingawa alimlaumu kwa kula kidogo.

Lakini ninaikumbuka zaidi alasiri ile ile ya simu. Adhana ya alasiri ilipoanza, adeer alitawadha, akavaa kanzu, akafungua ule mfuko wa viatu aliorudi nao. Vilikuwa viatu vyeusi vya ngozi, vya bei, ambavyo hakuwa amevivaa tangu afike. Akasema tutaenda msikitini kwa miguu. Baba alisimama, akataka kuwasha gari, Ayeyo akamshika mkono.

Tulitoka getini. Alitembea taratibu, na mimi kando yake, nikitazama kila uso unaokuja ili nijue atakayeanza maneno. Nilikuwa nimekaza ngumi. Hatukufika hata kwenye kona. Kiatu cha kulia kikafungua mdomo, soli ikaachana na ngozi kuanzia mbele hadi kisigino, ikaanza kupiga chini tapu, tapu. Watu waligeuka kwa ajili ya ile sauti. Adeer akasimama katikati ya njia, katikati ya macho yote aliyoyakimbia miezi saba.

Fundi viatu alikuwa hapo hapo chini ya mwavuli uliochanika, mzee wa Kiturkana mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Hakuinua uso. Alikuwa anatazama kiatu.

"Lete hiyo," akasema. Akakipokea, akakigeuza, akabonyeza gundi kwa kidole gumba ikamong'onyoka kama chaki. "Hii umeweka ndani muda mrefu. Kiatu ikikaa bila kuvaliwa, joto ya hapa inakula gundi. Hata nyingine italegea. Keti, kuna watu wawili mbele yako."

Mama mmoja aliyekuwa akisubiri ndara za mtoto wake alisogea kidogo kumpa nafasi kwenye benchi, akaendelea na simu yake. Adeer akaketi, mguu mmoja una kiatu na mwingine uko juu ya vumbi, akasubiri zamu yake.